Kuiaga Nyumba Kabla ya Likizo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Oldonyo Sambu)



Katibu alipotuuliza tutasema juu ya jambo gani, tulimjibu kwamba tutasema juu ya umeme wa nyumbani na safari ya likizo. Akacheka kidogo, akauliza kama hatuna jambo lililo kubwa kuliko hilo, mathalani mishahara. Mishahara tutaisema siku nyingine, wala haitakosa wasemaji. Hili la leo tumelichagua kwa sababu lilitufika sisi wenyewe, na kwa sababu mwezi wa Desemba u karibu, na wengi wenu mmekwisha andika barua za kuomba ruhusa.

Sisi makarani twaijua vizuri desturi ya kuondoka kazini. Siku 28 twaziomba kwa fomu na kwa sahihi ya mkuu wa idara. Majalada hukabidhiwa kwa mwenzetu moja moja, funguo za kabati huhesabiwa, muhuri huwekwa mkononi mwa anayekaimu, naye hutia sahihi kwamba ameupokea. Lakini nyumba, ambayo ndani yake mna vyeti vyetu na nguo za watoto na kila kitu tulichokinunua kwa jasho, twaikabidhi kwa nani? Twageuza ufunguo mara mbili, twausukuma mlango kuona kama umefunga, nasi twaenda zetu stendi.

Wazazi wetu hawakusafiri hivyo. Mama alipokuwa anataka kwenda kwao kwa siku nyingi, alivuta kuni kutoka mafigani, akazizima moja moja, akaufukia moto wa mwisho kwa majivu, kisha akarudi tena kutia mkono juu ya majivu kupima kama bado yana joto. Taa ya mafuta aliipuliza mwenyewe. Moto ule ulikuwa na adabu yake: ukiwako huonekana, na moshi wake hujitangaza. Umeme hauna moshi mpaka jambo limekwisha haribika. Waya wenye umeme na waya usio na umeme hufanana, na pasi iliyozimika kwa kukatika umeme haina tofauti kwa macho na pasi iliyozimwa kwa mkono wa mtu. Katika kufanana huko ndiko sisi tulikoanguka.

Tulikuwa tumepanga chumba na sebule katika nyumba ya safu, vyumba sita chini ya bati moja, hapa hapa Oldonyo Sambu kando ya barabara ya Namanga. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2021. Basi la kwenda Singida lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Arusha mjini, kwa hiyo ilitupasa kutoka nyumbani usiku. Saa tatu za usiku tulikuwa tunapiga pasi shati la safari juu ya meza, tumetandika blanketi. Upepo wa huku mnaujua. Umeme ukakatika. Tukalalamika kama walalamikavyo watu wote, tukailaza pasi pale pale mezani, tukawasha tochi ya simu, tukamaliza kufunga mizigo. Shati tukalivaa na mikunjo yake. Saa tisa u nusu tukatoka gizani, umeme haujarudi, mlango tukaufunga kwa ufunguo, tena kwa kufuli. Swichi ya soketi ilikuwa bado imewashwa. Hatukuiona, maana palikuwa na giza, na hatukuikumbuka, maana katika fikira zetu pasi ilikuwa imekwisha zimika tangu saa tatu.

Tulikuwa tumefika Makuyuni simu ilipolia. Alikuwa mzee wetu jirani, ambaye kila asubuhi twamwamkia Shikamoo mlangoni pake. Akasema, “Mwanangu, nyumba yako inatoa moshi.” Umeme ulikuwa umerudi asubuhi ile, watu wakashangilia kama kawaida, na pasi yetu ikaanza kazi peke yake ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli.

Mzee aliuvunja mlango. Meza ilikuwa inawaka, na chini ya meza lilikuwako sanduku la vyeti. Ukuta wa pili walikuwa wamelala watoto wawili wa mpangaji mwingine, na dari ya vyumba vyote sita ni moja. Mzee akaleta ndoo ya maji, akamwaga, kisha kwa mkono uliolowa akaushika waya wa pasi ili auvute. Waya ule ulikuwa umeyeyuka ngozi yake. Umeme ukamkamata, asiweze kuachia. Kijana wake, ambaye hakupata kusoma somo la umeme mahali popote, alimpiga mkono kwa fimbo yake kavu ya kuchungia ng’ombe mpaka ukaachia. Tumeulizwa mara nyingi jinsi kijana yule alivyojua. Hakujua, alikuwa na fimbo mkononi tu. Lakini angemshika baba yake kwa mikono mitupu, tungezika watu wawili.

Tuliporudi na kumkuta mzee amefungwa bendeji mpaka kiwikoni, tulitaka kumpigia magoti. Yeye akatuambia neno moja tu: “Bomba la maji nalijua lilipo. Mahali pa kuzimia umeme wa kwako hukunionyesha.”

Sasa, ndugu zetu, hebu tuangalie jambo hili lilikuwaje, maana tangu siku ile tumewauliza mafundi na kujifunza kidogo. Wengi wetu hudhani kwamba zile swichi ndogo zilizomo katika kisanduku ukutani, zinazoitwa breka, hulinda nyumba na kila ubaya. Breka hukata umeme ikiwa unapita mwingi kupita kiasi cha waya, au ikiwa waya mbili zimegusana. Lakini pasi yetu haikuwa mbovu. Ilivuta umeme wake wa halali, wala haukuzidi hata kidogo. Kwa breka, pasi inayounguza meza ni pasi inayofanya kazi yake. Tena pasi ina kipimo chake cha joto, lakini kipimo hicho hupima joto la bati la pasi. Habari za blanketi na mbao zilizo chini yake hakizijui.

Kiko kifaa kingine, ambacho nyumba yetu haikuwa nacho, na nyumba nyingi za kupanga huku hazinacho mpaka leo. Ni ile swichi ya kinga inayokaa pamoja na breka, yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ikiona umepotea njiani kiasi cha miliampea 30, yaani umepita katika mwili wa mtu kwenda ardhini, hukata wote kabla ya kupepesa jicho. Kifaa hicho kisingaliizuia meza yetu kuungua, lakini mkono wa mzee kingaliuokoa. Wanaomiliki nyumba zao na wakitie, kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo kwa kijana yeyote mwenye bisibisi. Nao waliokwisha kuwa nacho wakibonyeze kile kitufe mara kwa mara. Kisipokata, ni pambo la ukutani tu.

Walakini twataka mkae na jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kurudi kwa umeme. Sisi sote huogopa kukatika kwake, kwa sababu ya giza na ya nyama iliyomo katika friji, na hakuna aogopaye kurudi kwake. Mkumbuke mwaka 2024. Tarehe 1 Aprili ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, na watu wengi walikuwa kwao. Usiku ule gridi ya taifa ikapata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani kwa saa kadhaa. Fikirini ni nyumba ngapi zilizokuwa zimefungwa siku ile, na ndani yake vitu vilivyoachwa na swichi wazi, vikingoja. Tena umeme unaporudi, aghalabu haurudi kwa utulivu. Volti zetu ni 230, lakini katika dakika zile za kwanza huweza kupanda na kushuka, na ndipo televisheni na friji zinapokufa. Mwenye nyumba akiwapo husikia mlio na kunusa, akakimbilia swichi. Aliye Kigoma kwa mama yake hanusi kitu.

Kwa hiyo, unapotoka kwa likizo umeme wa nyumba yako na uzimwe kwa mkono wako, hata kama umekatika, na hasa kama umekatika. Kwanza zima swichi za soketi na kuchomoa plagi: pasi, birika, televisheni, chaja za simu, king’amuzi. Kisha nenda penye meni swichi, uishushe. Uniti zako za LUKU hazitaoza. Ziko pale pale katika mita mpaka utakaporudi. Mwenzetu mmoja alituuliza kwa nini tuchomoe plagi ikiwa meni swichi imeshushwa. Ni kwa sababu ya radi. Vuli ndiyo hiyo, na mawingu ya Meru hayana mzaha. Radi ikipiga nguzo ya njiani hupita katika waya, na nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi si kitu mbele yake, huiruka. Plagi iliyochomolewa na kulala sakafuni haina njia ya kupitia. Na waya wa antena au wa dishi pia uchomolewe nyuma ya televisheni, maana nao ni njia.

Hapa tunajua mtu atainuka kusema, “Sisi twapanga, meni swichi ni moja kwa wapangaji wote.” Ni kweli, na hiyo ndiyo hali ya wengi wetu. LUKU moja, vyumba sita, ugomvi kila mwisho wa mwezi juu ya nani ana jiko la umeme. Huwezi kuwazimia wenzako kwa siku 28 kwa kuwa wewe unakwenda kula ndizi kwa bibi. Lakini mwenye nyumba anaweza kuombwa aweke breka ya kila chumba, gharama yake si kubwa, na tena ikiwa wapangaji sita wanaomba kwa barua moja yenye sahihi sita, atasikia upesi kuliko mmoja akinung’unika uani. Sisi makarani twajua kuandika barua. Tumeandika za watu wengine miaka mingi. Mpaka hapo breka itakapowekwa, anayepanga hana ulinzi ila kuchomoa kila plagi, naye azipitie kwa kuzigusa kwa mkono, siyo kwa kuzitazama toka mlangoni.

Habari ya friji ina maneno mengi. Shauri letu ni kulimaliza kabla ya safari: kuleni, gaweni, lisafishwe, lichomolewe, na mlango wake uachwe wazi kidogo kwa kigingi cha kitambaa lisinuke. Aliye na dawa za kukaa baridini, au biashara ya maziwa, yeye hawezi, naye tusimlaumu. Basi alitengee breka yake, na atie kile kifaa kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu mashine ya friji ikilazimishwa kuanza mara tu baada ya kuzimika hupata taabu ya kusukuma, ikapata joto, ikaungua. Na aangalie uniti. Namba 20 za LUKU zaweza kununuliwa kwa simu hata ukiwa Lindi, na jirani akazibonyeza, ila sharti jirani huyo apatikane na afike penye kibonyezeo. Tumepata kuona nyumba ambayo uniti ziliisha siku ya tatu na mwenyewe akarudi siku ya ishirini na nane. Hatutaeleza harufu.

Kisha kuna taa ya nje. Wengi hawazimi meni swichi kwa kuogopa wezi, wakisema taa na iwake waone kuna mtu. Twalielewa neno hili. Lakini taa inayowaka saa sita za mchana, siku kumi mfululizo, humwambia mwizi habari iliyo kinyume kabisa. Kama huwezi kuiacha, iwe na breka yake peke yake, zingine zote zishushwe, na jirani aiwashe jioni na kuizima asubuhi. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 12 kila usiku kwa siku 28 hula uniti tatu na kitu, hiyo si gharama ya kugombana. Iliyo bora ni taa ndogo ya jua, ambayo haina habari na nguzo wala na LUKU. Jua la upande huu wa Meru twalipata la kutosha, ila asubuhi za Julai.

Juu ya zile soketi za kuunganisha, zenye matundu manne au sita na waya mrefu, tutasema upesi. Plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, na ampea 13 mara volti 230 ni wati 2,990. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 pamoja ni wati 3,200. Hesabu hii haihitaji shule kubwa. Waya uliozoea kubebeshwa hivyo hukauka ngozi, na panya, ambao likizo yenu ni sikukuu yao, hupenda kutafuna. Usiuache umechomekwa chini ya zulia au nyuma ya kitanda. Mkiona soketi yenye alama ya kahawia au inayotoa joto, msiisafirie. Mwiteni fundi kwanza, hata kama nauli itapungua.

Hali kadhalika wanaopikia gesi, wafunge mtungi juu penyewe, siyo kwenye jiko tu. Na siku ya kurudi, mlango ukifunguliwa, pua itangulie kuingia kabla ya mkono kugusa swichi. Pakiwa na harufu ya gesi, usiwashe taa wala usiizime. Fungua madirisha, toka nje, ngoja. Pasipo harufu, pandisha meni swichi hali vyombo vyote vimechomolewa, kisha uchomeke kimoja kimoja.

Sasa turudi kwa mzee wetu, maana yeye ndiye aliyetufundisha sehemu iliyobaki. Tumejifunza kuikabidhi nyumba kama tunavyokabidhi ofisi. Siku moja kabla ya safari, mchana, na siyo usiku kwa tochi, twampeleka jirani ndani. Twamwonyesha kisanduku kilipo, na swichi ipi ni ipi, tumeziandika kwa kalamu ya wino: “taa,” “soketi,” “nje.” Anaishusha na kuipandisha yeye mwenyewe mara moja ili mkono wake uizoee. Twamwachia ufunguo wa kufuli, maana mlango uliovunjwa ni dakika zilizopotea, na gari la zimamoto likitoka mjini hadi huku si mwendo mfupi. Twamwandikia namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, kwa tarakimu kubwa nyuma ya mlango wake, kwa sababu macho yake si kama zamani. Na twamwambia wazi: umeme kwanza, maji baadaye, kama umeme haujazimwa, mchanga au blanketi zito lililo kavu, au ondoka tu uwaamshe watu. Vitu vyetu havifai kufiwa na mtu.

Vyeti tumevihamisha. Viwili vilivyosalimika vina kingo nyeusi, nasi tunapoviwasilisha popote twaeleza upya habari ya pasi, na karani anayepokea hucheka, kama Katibu alivyocheka. Vile vilivyoungua bado twavifuatilia ofisi kwa ofisi. Mnaofanya kazi masijala mnajua safari hiyo ilivyo.

Mkono wa mzee ulipona, ila vidole viwili havikunji sawasawa, na asubuhi za baridi humuuma. Hajapata kututaka hata shilingi. Mwaka huu twaondoka tarehe ishirini, na ufunguo tumekwisha mpa. Juzi alikuja mwenyewe kuushusha meni swichi kwa mkono ule ule, kujaribu, na wapangaji wengine watano wakapiga kelele kwamba wamezimiwa, kwa kuwa mwenye nyumba bado hajatujibu ile barua ya sahihi sita.